Usinunue krosova kabla hujazijua drayva zako

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kuandika. La, sijaacha. Nimekuwa nikikata mbao na kupaka gundi. Leo naweka kando habari za programu ili niseme jambo ambalo limenigharimu shilingi elfu 31, pamoja na aibu kidogo mbele ya baba yangu mzazi.

Jambo lenyewe ni hili. Ukitaka kujiundia spika nzuri za nyumbani, usinunue ile krosova ya dukani iliyokwisha pangwa, na usichague drayva kwa ukubwa wala kwa wati. Tafuta drayva mbili zinazoweza kupokezana sauti, kisha uziundie krosova yao wenyewe. Najua kuna watakaopinga. Pingeni, lakini nisikilizeni kwanza.

Tuanze na maneno. Drayva si yule dereva wa matatu. Ni kile kifaa cha mviringo chenye sumaku nyuma na koni mbele, ambacho ndicho hasa kinachotoa sauti. Umbo lake la leo halijabadilika sana tangu Chester Rice na Edward Kellogg walipoeleza kazi yao huko Marekani mwaka 1925: koili ndogo ya waya ndani ya uga wa sumaku, na koni inayosukumwa nayo. Drayva kubwa ya sauti nzito ndiyo wufa (hapa Kenya ukisema wufa mtu anafikiria lile sanduku zima linalounguruma ndani ya duka la simu, lakini mimi nasema drayva moja tu), na ile ndogo ya sauti nyembamba ndiyo twita. Krosova ni mzunguko wa koili, kapasita na rezista unaogawa sauti, ili ya chini iende kwa wufa na ya juu iende kwa twita.

Sasa kisa chenyewe. Baba ni mwalimu mstaafu, yuko Mombasa, na ana kanda zake za taarabu anazozitunza kuliko anavyotunza afya yake. Nyingi ni za Juma Bhalo. Redio yake ya zamani ilipokufa nikamwahidi kwamba mimi, mwanawe mhandisi wa programu, nitamtengenezea spika ambazo hajawahi kusikia mfano wake. Nikashuka Luthuli Avenue nikanunua wufa mbili za inchi 8, kwa sababu inchi 8 ni kubwa na kubwa ni nzuri, sivyo? Nikaagiza twita mbili za kuba la inchi 1 zilizoandikwa wati 100. Nikanunua krosova mbili ndogo zilizokwisha lehemewa, zimeandikwa kwa rangi nyeupe: 3,000 Hz, 8 omu. Wufa zangu ni za 8 omu, twita ni za 8 omu, krosova ni ya 8 omu. Kila kitu kinalingana! Fundi mmoja wa mbao akanikatia makasha ya MDF ya milimita 18, nikayapaka vanishi, nikayapakia kwenye treni ya SGR, nikashuka nayo Mombasa kama bwana harusi.

Baba akaweka kanda. Akasikiliza dakika mbili tatu bila kusema neno, kisha akauliza kwa upole: "Mwanangu, mbona Bhalo anaimba kutoka chumba cha jirani?"

Nikajitetea. Nikasema kanda imechakaa, nikasema spika mpya hazijazoea. Lakini nilisikia alichosikia yeye. Besi ilikuwepo, tena ya kutosha. Vinanda na vinubi vya juu vililia vizuri. Mwimbaji mwenyewe, ambaye ndiye sababu ya yote, alikuwa amewekwa nyuma ya mlango.

Niliporudi Nairobi na jozi moja begani nikafanya kile ambacho ningepaswa kufanya mwanzo, yaani kupima. Maikrofoni ya kupimia ya USB, programu ya bure iitwayo REW, na paa la jengo tunakoishi siku ya Jumapili asubuhi (jirani mmoja aliuliza kama nafukuza kunguru). Grafu ikaonyesha bonde. Kuanzia 2,000 Hz sauti ilianza kuporomoka, na karibu na 2,800 Hz ilikuwa imeshuka desibeli 10 hivi, kisha ikapanda tena. Hapo ndipo penye konsonanti na mng'ao wa sauti ya mtu. Bhalo alikuwa amezama bondeni.

Bonde lilitoka wapi? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu kosa halikuwa moja.

Kosa la kwanza ni yale maandishi "8 omu". Aliyeichora krosova ile alipiga hesabu akidhani kuna rezista ya omu 8 upande wa pili. Hesabu yenyewe ni rahisi. Kwa koili moja tu mbele ya rezista ya omu 8, ukitaka kukata 3,000 Hz unahitaji karibu milihenri 0.42. Lakini drayva si rezista. Ukinzani wake hubadilika kulingana na masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Wufa yangu inayoitwa ya omu 8 ilikuwa na omu 6 nilipoipima kwa mita ya kawaida, na nilipoipima kwenye 3,000 Hz ilikuwa inakaribia 16, kwa sababu koili yake ya sauti nayo ni koili, na koili hukaza kadiri masafa yanavyopanda. Kwa hesabu ya haraka haraka, ukinzani ukiwa maradufu, koili ile ile inaanza kukata kwenye 6,000 Hz badala ya 3,000! Hali halisi ni chafu zaidi ya hesabu hiyo, kwa kuwa koili mbili zikikutana hazifanyi kama koili na rezista, lakini mnapata picha. Krosova iliyoandikwa 3,000 Hz ilikuwa haikati 3,000 Hz kwenye spika yangu, na kwa ninavyoona haikati 3,000 Hz kwenye spika ya mtu yeyote.

Wanaoandika programu wenzangu watanielewa. Ni sawa na kunakili msimbo kutoka mtandaoni ulioandikwa kwa ajili ya data ya mtu mwingine, ukaubandika kwenye kazi yako, na kwa kuwa haukutoa ujumbe wa kosa ukadhani unafanya kazi. Spika nayo haitoi ujumbe wa kosa. Inacheza tu, vibaya.

Kosa la pili: wufa na twita zilikuwa zinaimba pamoja katika eneo pana, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta. Zinapofanya hivyo zinafutana. Nikageuza nyaya za twita, chanya ikawa hasi, na bonde likajaa kiasi. Nikafurahi. Kisha nikasogeza maikrofoni pembeni kidogo, kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kochi, na bonde likarudi.

Hilo ndilo kosa la tatu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote kwa sababu halirekebishwi na kapasita. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa 3,000 upate urefu wa wimbi: sentimita 11 na kitu. Koni ya wufa ya inchi 8, ukitoa fremu na ukingo wa mpira, ina upana wa sentimita 16 au 17. Wimbi likiwa fupi kuliko koni, sauti haitawanyiki tena chumbani bali inaelekea mbele kama mwanga wa tochi. Twita ya inchi 1 kwenye masafa hayo bado inatawanya kila upande. Kwa hiyo aliyekaa katikati anasikia kitu kimoja na aliyekaa pembeni anasikia kingine, na chumba kizima kinarudisha sauti isiyolingana. Wufa ile ilihitaji kuachia kazi karibu na 1,800 au 2,000 Hz. Je, twita yangu ingeweza kushuka huko?

Haikuweza. Na hili nalijua kwa sababu niliijaribu, na sasa ninayo moja mezani iliyoungua. Kila drayva ina masafa yake ya asili ambapo inapenda kutetemeka yenyewe. Kwenye karatasi za vipimo huandikwa Fs. Kanuni ya kidole gumba ni kwamba twita isianze kazi chini ya mara mbili ya Fs yake, na mteremko wa krosova ukiwa wa kivivu, iwe juu zaidi. Ile yangu ilikuwa na Fs ya 1,500 Hz. Ukishusha masafa kwa nusu na kutaka sauti ibaki na nguvu ile ile, kuba linapaswa kutembea mara nne zaidi. Kuba lenyewe linatembea sehemu ndogo ya milimita. Niliiwekea kapasita moja tu, nikaongeza sauti, nikasikia mkwaruzo, kisha kimya. Zile wati 100 zilizoandikwa nyuma yake ni za muziki uliokwisha chujwa, na asiyekwambia hivyo anakuuzia namba. (Tunaokumbuka redio za kaseti zenye vibandiko vya PMPO za maelfu ya wati hatupaswi kushangaa.)

Basi mimi sasa nachagua drayva kinyumenyume. Sianzi na chapa wala bei. Nauliza: wufa hii inaanza kuwa tochi wapi, na koni yake inaanza kulia lia wapi? Twita hii inaweza kuanza wapi bila kuumia? Kama kati ya majibu hayo mawili kuna eneo wanaloweza kukutana, hata la nusu oktava, naendelea. Kama hakuna, naachana nazo, hata zikiwa zinatoka Denmark au Norway na zimefungwa kwa karatasi ya dhahabu.

Jambo jingine la karatasi za vipimo. Viwango vya sauti huandikwa kwa desibeli kwenye volti 2.83, umbali wa mita 1. Volti hizo kwenye omu 8 ni wati 1. Kwenye omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo wufa ya omu 4 iliyoandikwa 89 na ya omu 8 iliyoandikwa 86 zina ufanisi ule ule. Ya kwanza inakunywa umeme maradufu. Amplifaya ndogo za siku hizi hazipendi kunyweshwa hivyo. Na kumbukeni kwamba ubao wa mbele ulio mwembamba utakuibia sauti za chini, kwa kuwa mawimbi marefu huzunguka kasha na kwenda nyuma. Hasara yake hufikia desibeli 6. Kwa ubao wa sentimita 20 mteremko huo unapita katika 575 Hz hivi. Hivyo twita ikiwa na nguvu kidogo kuliko wufa si tatizo, utaishusha kwa rezista mbili. Wufa ikiwa dhaifu kuliko twita kwa desibeli 2 au 3 ni kawaida. Twita ikiwa dhaifu kuliko wufa, huna dawa.

Wapo watakaosema: nunua drayva za bei ghali na mengine yatajipanga. Hao nawarudisha BBC, miaka ya 1970. Mafundi wao walitaka spika ndogo ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo kipimo kikubwa ni sauti ya mtu anayezungumza. Hawakuunda drayva mpya. Walichukua wufa ya B110 na twita ya T27, zote za kampuni ya KEF, wakazipima. B110 ilikuwa na kinundu katika sauti za kati. Wakaongeza sehemu kwenye krosova za kukishusha kinundu hicho, wakaweka na transfoma ndogo yenye matawi ili kila twita irekebishwe kulingana na mwenzake. Ikazaliwa LS3/5A, ambayo watu bado wanaitafuta kwa bei za kuumiza. Siri yake haikuwa koni. Ilikuwa ule ubao wa krosova nyuma, na uvumilivu wa watu waliopima.

Mwingine ninayemheshimu ni Siegfried Linkwitz, aliyefariki mwaka 2018. Yeye na Russ Riley walikuwa wahandisi wa Hewlett-Packard, kampuni ya vyombo vya kupimia, na mwaka 1976 Linkwitz alichapisha andiko ambalo jina la wote wawili limebaki nalo. Katika krosova yao ya daraja la nne, kila drayva inakuwa imeshuka desibeli 6 kamili mahali pa kupokezana, na zote mbili zinasukuma kwa wakati mmoja, hivyo zikijumlishwa unapata mstari ulionyooka, bila bonde wala kilima. Kila upande unateremka desibeli 24 kwa oktava.

Lakini hapa wengi hujikwaa, nami nilijikwaa. Desibeli 24 hizo ni za sauti inayotoka, si za umeme unaoingia. Drayva nayo ina mteremko wake wa asili. Twita inajishukia yenyewe chini ya Fs, wufa inajishukia juu. Ukilehemu mzunguko wa desibeli 24 juu ya drayva ambayo tayari inateremka, utapata 30 au 36, na fezi zote zitavurugika. Mara nyingi mzunguko wa sehemu chache, ukijumlishwa na tabia ya drayva, unafika pale pale. Ndiyo maana huwezi kuichora krosova kwa kikokotoo cha mtandaoni kinachouliza masafa na omu pekee. Kinakuuliza maswali mawili kati ya kumi.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Drayva zinafungwa kwenye kasha lake halisi kwanza. Maikrofoni inakaa mita 1, usawa wa twita, na haisogezwi. Napima wufa peke yake, kisha twita peke yake, bila krosova (twita kwa sauti ndogo na kapasita ya ulinzi, nimeshajifunza). Napima na ukinzani wa kila moja. Faili hizo naziingiza kwenye VituixCAD, programu ya bure ya Windows, na hapo nabadilisha thamani za koili na kapasita huku grafu ikisogea mbele ya macho. Jioni moja mbele ya tarakilishi hunikinga na wiki mbili za kulehemu na kulehemua. Nikimaliza nageuza nyaya za twita makusudi: kama zile drayva zimepatana kweli, bonde refu na jembamba linatokea pale pale zinapopokezana. Nazirudisha, linapotea.

Mtaniuliza, kwa nini usiache yote hayo ukatumia krosova ya kidijitali? Kweli, Raspberry Pi yenye CamillaDSP au kifaa kidogo cha miniDSP kitagawa sauti kabla ya amplifaya, na kubadilisha mteremko ni kubadilisha mstari mmoja wa maandishi. Naipenda njia hiyo na natumia kwangu. Lakini inahitaji amplifaya kwa kila drayva, na siwezi kumwachia mzee wa miaka 74 mfumo unaohitaji kuwashwa upya kila umeme unapokatika. Wala haitibu kosa la tatu. Koni pana itabaki tochi hata ukiipa kompyuta ya kwenda mwezini.

Na kama huna maikrofoni wala hamu ya yote haya? Nunua drayva moja ya masafa mapana, ya inchi 3 au 4, iweke kwenye kasha dogo, usiweke krosova kabisa. Besi itakuwa haba na sauti za juu hazitang'aa, lakini hakuna kitakachofutana katikati. Nasema kwa dhati kwamba ni bora kuliko spika ya njia mbili yenye krosova ya kubahatisha. Ningeanza hivyo, shilingi elfu 31 zangu zingekuwa hai.

Kwa baba nilibaki na makasha, nikatoa wufa za inchi 8 na kuziba tundu kwa ubao mpya wenye nafasi ya wufa ya inchi 6 na nusu. Koni yake ni sentimita 13 hivi. Twita mpya ina Fs ya 950 Hz. Zinapokezana kwenye 2,200 Hz, ambapo wimbi lina sentimita 15 na nusu. Krosova ina sehemu nane: koili mbili, kapasita tatu, rezista tatu. Kapasita za twita ni za plastiki, polipropilini. Zile za kusawazisha ukinzani wa wufa niliweka za elektroliti zisizo na chanya na hasi, na sioni aibu, ni za bei nafuu na mahali pale hazisikiki. Pesa zilizobaki nilizitia kwenye koili ya waya mnene isiyo na kiini cha chuma.

Nikapanda treni tena. Baba akaweka kanda ile ile, akakaa kitini kwake ambacho hakipo katikati, kipo pembeni karibu na dirisha, na sijawahi kumwona akikihamisha. Akasikiliza upande mzima wa kwanza. Kanda ilipokata akasema, "Sasa amerudi chumbani." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: "Lakini ngoma imepungua."

Ni kweli imepungua. Inchi 6 na nusu si inchi 8, na kasha lile nililikata kwa ajili ya wufa nyingine. Wufa zile mbili kubwa bado ninazo chini ya kitanda. Chini ya 100 Hz hazina kosa lolote, na nimeanza kuchora kasha la tatu. Mama hajaambiwa bado.